Nirudishieni Mvutaji Wangu

Ndugu Mhariri,

Naamini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kisicholia, na hapana mtu anayekukumbatia bila sababu. Mimi sina bahati hiyo, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mke wa mpiga picha. Studio yetu ni chumba kimoja chenye pazia la bluu, stuli, kioo chenye kitana kilichofungwa kamba kisiibwe, na koti jeusi la kuwaazima wateja wa picha za pasipoti. Yeye anapiga, mimi nakata, natia kwenye bahasha na kupokea watu. Nyuma kuna mlango, na nje ya mlango huo kuna kibaraza ambako mume wangu alikuwa akivuta sigara tangu kabla hajanioa. Sitasema alivuta sana. Nitasema tu kwamba kikohozi chake kilikuwa kikitikisa kamera, na kuna mteja aliyepeleka uhamiaji picha yenye pua mbili.

Daktari alimwonya, akamjibu kuwa daktari mwenyewe ana kitambi. Mimi nilimwonya, hakujibu kabisa. Kisha ukurasa wenu wa afya ukaandika: "Acha sigara leo, uwe mtu mpya." Mume wangu ni mtu wa kuamini maandishi. Aliukata ukurasa ule kwa mashine yangu ya kukatia picha, akaubandika kando ya kioo, akaacha siku hiyo hiyo. Na mtu mpya akaja, kama mlivyoahidi. Malalamiko yangu ni juu ya huyo mtu mpya, na nayapanga kwa namba ili msipotee.

1. Ana pua. Yule wa zamani alikuwa na pua ya kuwekea miwani. Huyu ananusa. Asubuhi moja alisimama katikati ya studio akauliza, "Humu kumekufa nini?" Hakikuwa kimekufa kitu. Lilikuwa koti. Koti lile limevaliwa na mji mzima, kila mtafuta kazi ameliachia jasho lake, na halikuwahi kumsumbua mtu. Akalifua kwa maji ya moto. Likarudi, mikono ikaishia viwikoni, na sasa kila anayepigwa picha nalo anaonekana kamnyang'anya mdogo wake.

2. Analia. Kazi ya picha za pasipoti ni kutazama nyuso zilizokatazwa kucheka, na siku zote za sigara alizitazama kama mtu anayetazama ukuta. Sasa anaziona. Wiki iliyopita alikuja dereva wa lori, mtu mwenye shingo kama gogo, akakaa kwenye stuli. Mume wangu akainama kwenye kamera, akainama sana, kisha akainua kichwa na kumwuliza taratibu, "Kaka, nyumbani kwema?" Dereva akasema kwema. Akamtazama tena kupitia kamera. "Una hakika?"

Ndugu Mhariri, sijapata kuona lori likipinduka, lakini naamini nimeona kitu cha jirani. Walilia wote wawili, mimi nimeshika mwavuli wa taa ya kupigia picha usianguke. Picha ilikataliwa huko ilikopelekwa kwa sababu ya macho mekundu. Dereva hakudai irudiwe. Ila amerudi mara kadhaa kukaa tu kwenye stuli, na juzi kaja na mwenzake ambaye naye, alisema, ana mambo.

3. Ana hasira. Hii huja mchana baada ya kula, saa ambayo zamani ilikuwa ya sigara. Jana amegombana na stuli kwa kuwa inalia, akaitoa nje ikae juani, ijifunze. Amegombana na pazia. Wakaja wachumba kupiga picha ya kadi ya harusi. Akawaambia wasogeleane, wakasogea kidogo kwa haya. "Sogeeni. Kwani mmelazimishwa?" Wakaangaliana. Nasikia bado wanaangaliana mpaka leo, na kadi hazijachapwa.

4. Ana furaha. Hasira yake unaiona ikija toka mbali, furaha inavizia. Mwenye nyumba alikuja kukagua ufa ukutani, na tulikuwa tumeshakubaliana tumpokee na sura zilizokunjwa. Mume wangu akamkumbatia. Akamshukuru kwa kuta zote nne, pamoja na ule wenye ufa. Mwenye nyumba aliondoka kinyumenyume, na fundi aliyetuahidi hatujamwona. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufanyeje ukiutolea shukrani.

5. Hatoki nje. Hili nimelichelewesha kwa makusudi, maana ndilo linalouma.

Zamani ugomvi wetu ulikuwa na mlango. Ukipamba moto, yeye husema, "Nakuja," huchukua kiberiti, huyo kibarazani. Mpaka sigara iishe, mimi huku ndani nimeshatoa hoja, nimeiunga mkono, nimepitisha azimio na kufunga kikao. Akirudi huuliza, "Tulikuwa wapi?" Namwambia, "Tumemaliza." Ndivyo nyumba hii ilivyotawaliwa, na nchi ilikuwa na amani.

Siku hizi anakaa. Anaweka mikono magotini na kusema, "Endelea, mama watoto, nakusikiliza." Nami sina pa kuendelea. Katika ndoa yetu yote sijawahi kuvuka nusu ya ugomvi. Huko mbele sikujui. Juzi, nikiwa nimekwama hapo nusu, yeye akaendelea peke yake. Akaniuliza kwa nini binti yetu, anayefanya kazi mbali, akipiga simu naongea mimi tu, halafu yeye anapelekewa salamu zilizopoa. Nikamjibu kwamba kila simu ikilia yeye yuko kibarazani.

Akasema, "Basi sasa nipo."

Jibu la hapo ni nini, Ndugu Mhariri? Nimeusoma ukurasa wenu juu mpaka chini, hamkuliandika.

6. Hongera zote ni zake. Mama wa duka la dawa anampongeza hadi barabarani. Muuza magazeti anampigia saluti. Dada yangu, ambaye tangu tuoane hajawahi kumsifu hata kwa bahati mbaya, sasa anamwita "shemeji shujaa". Hakuna aliyeniambia mimi pole. Sigara sijaionja maishani, lakini mikono inayotetemeka ni yangu. Juzi nimemkata mteja sikio, namaanisha la kwenye picha, na akaja na mama yake kulidai. Kama kuacha sigara kunapimwa kwa taabu, naomba nami niandikwe miongoni mwa walioacha.

Sasa ombi langu. Kwa kuwa ninyi ndio mliomleta, na kwa kuwa yeye haamini jambo mpaka alisome, naomba mchapishe sahihisho dogo: kwamba imebainika, baada ya uchunguzi zaidi, sigara moja baada ya chakula cha mchana haina neno kwa wapiga picha wenye ndoa. Msitaje jina la mtaalamu. Andikeni "wataalamu"; huwaheshimu zaidi wakiwa wengi. Kama dhamiri itawawasha, litieni kwa herufi ndogo, karibu na matangazo ya vyeti vilivyopotea. Atalifikia tu, husoma mpaka huko. Najua kikohozi kitarudi. Kikohozi nakifahamu, tumekaa nacho muda mrefu, na hakijawahi kuniuliza swali.

Mkishindwa hilo, basi njooni mumchukue mtu mpya wenu mniletee wangu. Sitawasumbua kwa fidia. Nitawapigia picha ya kumbukumbu, bure, na koti nitawaazima.

Nifikishieni salamu kwa wapanga kurasa wote, kwa mlinzi wa getini, kwa mchora vibonzo wenu, kwa mama anayewaletea chai, na kwa mwandishi wa ukurasa wa afya, ambaye namtakia ndoa ndefu ndani ya chumba kimoja.

Ni mimi, ninayelingoja jibu lenu nikiwa nimesimama, maana stuli bado iko juani,

Mke wa Mpiga Picha

Baada ya kutia sahihi:

Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha aliposimama, akavaa viatu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama watoto, nimekuchosha. Acha nikachukue moja tu, nirudi kama zamani."

Hilo ndilo nililokuwa naliomba, na amelitoa mwenyewe kabla hata hamjachapa. Nikajikuta nimesimama mlangoni, mikono nimeikaza kwenye miimo, namwambia akitaka kupita anitoe pamoja na bawaba. Tukagombana. Mteja aliyekuwa anachana nywele kwenye kioo akasema atarudi kesho, akaanza kuondoka na kitana mkononi mpaka kamba ikamrudisha. Nilisema mengi ambayo sikujua kuwa ninayo. Nilimwambia kwamba miaka yote ile, kila alipokohoa huko nje, nilikuwa naacha kukata picha, naganda hivyo hivyo, mpaka nisikie amevuta pumzi tena. Akanitazama kama alivyomtazama yule dereva. Kisha akakaa, akavua viatu.

Lile sahihisho msilichapishe, hata karibu na vyeti vilivyopotea. Nikisikia mmelichapisha nitakuja hapo mwenyewe.

Mtauliza basi kwa nini barua nimeituma. Ni kwa sababu aliniuliza naandika nini, na mimi sikuwa na nguvu ya kutunga uongo, nikampa asome. Amecheka. Kwenye koti alicheka, kwenye dereva akajifuta macho, alipofika kwa mwenye nyumba ikabidi ashike ukuta. Zamani kicheko chake kilikuwa kikikatwa na kikohozi njiani, tunampiga mgongoni, tunampa maji, basi. Leo kimekwenda mpaka mwisho. Nimeolewa na mtu huyu nikiwa msichana, na nilikuwa sijui kicheko chake kinaishaje. Kinaisha kwa mlio mwembamba, kama bata aliyekanyagwa.

Ni kibaya sana. Nitakizoea.