Mbio Fupi za Msimamizi wa Harusi

Jumatatu, 6 Aprili 1998
Suruali ya harusi imenikataa. Nimelala chali kitandani, nimevuta tumbo ndani, mke wangu Audrey akakaza zipu kwa mikono miwili. Kifungo kikaruka hadi jikoni! Audrey hana huruma. Amesema harusi ni mwezi ujao, labda bwana harusi, Elkanah, atafute msimamizi mwingine. Mwingine nani? Simiyu, bila shaka! Binamu ya Elkanah, dereva wa teksi, mwembamba kama uzi. Tangu Krismasi ananitazama kama mtu anayengoja kiti kiachwe wazi. Atangoja sana.

Jumanne, 7 Aprili
Mungu ni mwema! Mgeni wa hoteli ameacha jarida kwenye gari nililomwegeshea. Linasema mazoezi marefu ni kupoteza wakati. Kimbia kama unafukuzwa, pumzika kidogo, timka tena. Dakika chache tu, mafuta yanayeyuka. Basi siku yote iliyobaki ni ya kula! Nimesherehekea kwa chapati.

Jumatano, 8 Aprili
Nimeanza kazini, kwenye mpando wa maegesho ya ghorofa. Nikatimka. Bahati mbaya nilikuwa nimeshika funguo za Mercedes ya mgeni. Mgeni akapiga yowe. Askari wa hoteli akanifukuza mpaka ghorofa ya juu kabisa. Kufukuzwa kweli kunatoa jasho zaidi, jarida halikusema. Bosi ameniambia akiniona nakimbia tena, nisisimame mpaka nyumbani kwangu.

Alhamisi, 9 Aprili
Mazoezi ya sebuleni. Kuruka, magoti kifuani, kutua kwa kishindo. Mlango ukagongwa. Bi Bimkubwa, mama wa Kizanzibari anayekaa chini yetu. Akanisalimu vizuri, akauliza afya yangu, ya mke wangu, ya kazi. Kisha:

“Mwanangu, mmefuga ng'ombe humu? Maana chokaa imeniangukia kwenye pilau.”

Aibu! Nikasema ni maradhi, hunishika ghafla. Maskini, jioni akaniletea sinia ya pilau ya Idi, sambusa juu, na dua. Chakula cha mgonjwa hakikataliwi. Nimemaliza kabla Audrey hajarudi kutoka kazini.

Jumamosi, 11 Aprili
Mpango mzito. Kama mimi sipungui, Simiyu aaibike. Mtu anayeshinda ameketi kwenye teksi ana mapafu gani? Nikamwalika bustanini, mbele ya Elkanah na Edah, mchumba wake, tushindane mbio fupi. Alikubali upesi mno. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Tulipoanza tu, alitoweka mbele! Nikataka kumfikia, nikasikia paja likilia paa! Edah ndiye aliyenikimbilia. Elkanah alicheka kwanza, kisha akauliza kama nimeumia. Nimeuona mpangilio huo.

Jumapili, 12 Aprili
Pasaka kitandani. Elkanah amekuja, akakaa kando yangu. Hakucheka leo.

“Dunstan, nilishaongea na fundi aongeze kitambaa kiunoni. Mimi nilikutaka wewe, si kiuno chako.”

Nikamwambia basi mambo ni shwari, tuendelee. Akatazama paja langu lililofungwa bandeji.

“Lakini msimamizi ni mtu wa kusimama, ndugu yangu.”

Simiyu atasimama. Mimi nimepewa kiti karibu na keki. Audrey akatoka chumbani haraka, nikamsikia akicheka na friji.

Jumatatu, 13 Aprili
Muuguzi anayefanya kazi na Audrey amepita kunitazama. Ati nikipona nitembee kila siku, polepole, na nipunguze sahani. Kutembea! Hata watoto wanatembea.

Bahati nzuri kuna televisheni. Mchana wametangaza mkanda wa umeme. Unaufunga tumboni, unakaa kwenye kochi, unatetemeshwa mpaka mafuta yaondoke yenyewe. Binti wa kwenye simu amesema mmoja unamtosha mtu yeyote.

Nimeagiza mitatu. Nitaifunga yote kwa pamoja.