Yah: Ombi la Kuwasajili Ng'ombe Wangu Kuwa Watalii

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maji ya Kijiji,

Mwangaluka. Wewe ni mpwa wangu, Kristofa, lakini leo nakuandikia kiofisi, maana nyumbani huambiliki. Lambo letu limejaa tope, maji yanaisha, na malalamiko yangu ni haya:

1. Ulitupakia kwenye basi mpaka kaskazini, kwenye ziwa lililokaa ndani ya mdomo wa volkano, tukajifunze mambo ya maji. Kufika, tukaambiwa tulizunguke kwa miguu. Nikauliza ng'ombe gani kapotea. Mkacheka! Mimi nilizunguka nikitafuta mahali mifugo inaposhukia kunywa, mpaka nikajikuta pale tulipoanzia. Kumbe pande zote ni ukuta wa mawe. Mtu mzima anaondoka mahali ili arudi palepale, halafu anapongezwa!

2. Cha maana kilikuwa kimoja tu, lile handaki la zamani. Wazee wa kule walitoboa mlima kwa zana za mkono, maji yakafika mashambani. Wewe ukaligeuzia mgongo upigwe picha, kisha ukauliza chakula kiko wapi.

3. Tumerudi, na badala ya kutoa tope, kamati yako imelizungushia lambo njia ya matembezi, mabenchi, na kibao cha kukataza mifugo, eti wageni wasikanyage mavi. Wageni gani, ng'wanawane, mwanangu? Mpaka leo aliyekuja ni mbuzi tu wa Twaibu mwenye duka, naye mkamfukuza.

4. Ng'ombe wangu sasa wanakwenda kunywa mtoni, mbali, jua la utosi. Ndama wawili wamefia njiani. Nimelia, sikufichi.

Kwa kuwa kutembea mbali kwa taabu ndiko mnakokuita utalii, naomba ng'ombe wangu wote wasajiliwe kuwa watalii na waruhusiwe kuingia lamboni. Sifa wanazo: wanakwenda kwa mstari, wanakodoa macho bila kuelewa kitu, na hawaulizi handaki lilichimbwaje. Dume langu jeusi linaweza hata kuongoza msafara. Tofauti yake na safari yetu ile hatutaiona.

Nisalimie dada yangu Anna, mama yako, pamoja na wajumbe wote, hata yule aliyelala kwenye basi kwenda na kurudi.

Wako katika kiu na utumishi,
Mjomba wako, Maige Limbu

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, mke wangu Nyanjige amepita mlangoni, matope mpaka magotini. Kumbe wanawake wameingia lamboni tangu asubuhi, wanachimba, kibali hawakumwomba mtu yeyote. Amekuja kuuliza huyu mzee wa kuandika barua jembe lake analitunzia nani. Basi, maombi yote hapo juu nimeyafuta. Usinijibu. Mimi naelekea huko, nawe ukija, uje na jembe lako.