Mfiwa wa Kudumu na Maskini wa Kihispania

Jumamosi hii jamani nusura tugawane mbao. Tumekaa meza yetu ya pembeni, duka la kahawa chini ya maghorofa ya Crescent Town, huku ughaibuni, mara Mama Jolie, Mkongomani wetu, mwenyekiti wa kamati ya misiba, hapo hapo mezani, akatubandikia tangazo kwenye kundi la WhatsApp: "Wanaokula matanga ya watu wasiowajua watafutwa kwenye jumuiya. Kura leo saa kumi."

Wote tukamgeukia Godson, tunayemwita Mfiwa wa Kudumu.

"Mnaniangalia nini?" akauliza, donati mdomoni.

"Weye ulilia kwenye sherehe ya Nicole ya miaka hamsini!" Mama Jolie akapiga meza. "Uliona picha kubwa na maua mlangoni, ukadhani msiba, ukapiga magoti. Franchement, kweli kabisa! Mwenyewe akatoka jikoni kukuuliza kulikoni!"

"Si nilinyamaza?"

"Ukaomba wali!"

Kahawa ilinitokea puani. Mimi Valerian, wananiita Breki kwa vile naendesha basi, na wadoezi sina huruma nao hata chembe. "Futa huyo," nikasema.

Wema, binti yetu wa chuo, akafunga kompyuta. "Anko Breki, subiri. Kuna hadithi za zamani za Kihispania tunasoma. Maskini mjanja, hana mbele wala nyuma, anamtumikia bosi huyu, anamwibia kijanja, anahamia kwa yule. Profesa anamwita antihiro, yaani shujaa asiye na ushujaa."

"Huyo ni kibaka," nikamkata.

"Na nani anahadithia?" Mama Jolie akadakia.

"Mwenyewe."

"Voilà, ndiyo hiyo! Ningejihadithia mimi, ningekuwa malkia wa Bukavu!"

"Lakini mabosi zake, Mama Jolie!" Wema akapinga. " Wanahubiri sadaka huku wamembania hata ukoko. Mbona wao hatuwatafutii jina? Mimi kwenye insha yangu naandika ni shujaa. Kubaki hai tu kwake ni vita."

"Shujaa gani!" nikafoka. "Shujaa anaokoa watu. Huyo kaokoa tumbo lake!"

"Basi ndiyo antihiro, Breki," Mama Jolie akanigeuka. "Umekubali mwenyewe."

"Sijakubali kitu!"

Godson akaweka donati mezani. "Mie huyo Mhispania simjui. Ila mwaka wangu wa kwanza hapa, kiwandani zamu nzima hakuna wa kunisemesha. Nikapotea, nikaingia ukumbini kwa watu, kumbe msiba. Mama mmoja akanishika mkono: 'Mwanangu, umekula?' Siku ile nililia kweli. Marehemu simjui, nilijililia mwenyewe. Sasa mkinifuta, nani ataniuliza tena?"

Niliona aibu, nikajifanya nakoroga kahawa.

Simu ya Mama Jolie ikaita. Akasikiliza, mkono kifuani.

"Kuna mzee amefariki, Scarborough," akatuambia. "Hana ndugu hapa. Mjane yuko na jirani mmoja tu, ibada wanaogopa kuianza, viti vitupu."

Akatazama saa. Saa kumi kasoro dakika tano. Akamtazama Godson, akaitia simu mkobani.

"Kura imeahirishwa. Simama, twende."

Godson alikuwa ameshavaa koti. Alipofika mlangoni akageuka, uso umeanza kukunjamana tayari.

"Mama Jolie, marehemu mtu wa wapi? Nijue nalia kwa lugha gani."