Kamba ya Buti Iliyovuka Kioo

Sogeeni, enyi wenye masikio mazima, nanyi mnaosikia nusunusu, niwasimulie vita vya dirisha namba tatu, alivyovipigana Fundi Viatu, bingwa wa soli, mtiisha misumari, ambaye kisigino hakijapata kumshinda.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu betri za kifaa chake cha kusikia ziishe. Mkewe, mama mpole asiyependa makelele, akiomba maji aliletewa taa. Mwishowe akachoka, akanyamaza, wakawa wanakula wakitazamana kama abiria wasiojuana. Kimya hicho ndicho kilichomchoma shujaa wetu, akakaza mkanda, akaenda zahanati kutafuta betri.

Betri zilikuwepo, tele, drooni. Lakini droo ilikuwa nyuma ya kioo kinene cha dirisha namba tatu, kioo kilikuwa na tundu moja usawa wa kitovu, na nyuma ya tundu aliketi Karani, mlinzi wa droo, mwenye desturi ya kuita wagonjwa kwa mdomo, mara moja tu, tena akitafuna. Basi ataitwaje kwa mdomo mtu aliyekuja kufuata masikio? Siku ya kwanza aliitwa, hakusikia. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akaukodolea macho mdomo wa Karani kutwa nzima, na alipouona unafunguka akachomoka mbio. Kumbe Karani anapiga miayo.

Siku ya nne akatoa mfukoni kamba ya buti, ndefu, nyeusi, iliyopakwa nta. Ncha moja akaifunga mkononi mwake, ya pili akaipenyeza tunduni, akainama hata kiuno kikalalamika, akanena:

"Ewe Karani! Siku tatu umeniita, na siku tatu sauti yako imefia njiani. Sina ugomvi nawe. Zamu yangu ikifika, usiite. Vuta!"

"Mzee, hapa ni ofisini, si zizini," akasema Karani.

"Ahsante sana, mwanangu," akajibu Fundi, ambaye hakusikia hata neno, akaenda zake kuketi.

Kamba ikalala sakafuni kama mpaka wa falme mbili. Mama mmoja mjamzito akajitwika kazi ya kuilinda. "Ruka, ruka! Usikanyage, hiyo ni simu ya mzee!"

Saa tano na robo Karani akaitazama kadi ya Fundi, akaitazama kamba. Akafungua mdomo kwa mazoea, akaufumba. Akavuta; tena akavuta kupita kiasi, maana alikuwa mgeni wa silaha hiyo, na jemadari wetu akang'oka benchini mkono mbele, akatua dirishani kwa kasi ambayo magoti yake hayakuijua kwa miaka kumi.

"Betri hizi, mzee. Weka sahihi hapa."

Akazitia palepale. Kifaa kikapiga mluzi, kikatulia, na dunia ikamrudia yote kwa pamoja: feni, mtoto anayelia, benchi zima likishangilia. Bibi mmoja aliyekuwa kando yake tangu asubuhi akamgusa bega.

"Kaka," akapiga kelele, kwa kuwa naye hakuisikia hata sauti yake mwenyewe, "mimi wamenipita mara tano! Unayo nyingine?"

Fundi hakuwa nayo, na ile ya kwanza ilikuwa imekatika alipotua dirishani. Akapiga goti, akafungua kamba za viatu vyake mwenyewe, akaziunga, akamfunga bibi mkononi, akaipenyeza ncha tunduni. Karani akaipokea bila kuambiwa.

Na iandikwe katika historia ya mashujaa kwamba mshindi alirudi kwake akiburura miguu, viatu vikipiga makofi kila hatua, na mkewe alipouliza kwa sauti yake ya chini, kutoka chumba cha pili, "Mbona viatu vyako leo vimelegea?" alijibu alichoulizwa.