Shina la Yasini

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimeamua. Mkorosho wa Mama unaangushwa wiki hii, na nauangusha mimi, Mfaume, niliyepakua magogo bandari ya Beira. Hapa Rutamba nani mwingine? Una mashina matatu, shimo moja. Mama alifukia korosho tatu, zote zikaota. Bwana shamba akamwambia ang'oe mbili. Mama akamuuliza ang'oe mtoto yupi. Tulikuwa watatu: mimi, Salima, Yasini. Yasini tumemzika, mwaka wa sita huu. Shina lake limepasuka chini, limeelemea chumba cha Mama. Kila asubuhi Mama hulishika kwa kiganja, kama anapima homa.

Jumanne, 10 Juni
Dada yangu Salima kamleta Cletus, mkata mbao wa Rondo, bila kuniuliza. Cletus kauzunguka mti mara mbili, kimya, kama anataka kuuposa. Akasema tuanze na la Yasini. Lishushwe vipande vipande kutoka juu, kwa kamba iliyofungwa kwenye mashina mawili mazima, maana hayo ndiyo yanayolishikilia. Nikamuuliza Beira anaijua? Akasema haijui, ila mkorosho anaujua. Watu wakacheka. Mama alikuwa mlangoni. Hakucheka. Nikaona anavyolitazama lile shina, nikamwambia Cletus arudi kwao.

Jumatano, 11 Juni
Akili hii, ningepita darasa la tano ningekuwa hatari. Nakata mawili mazima, la Yasini namwachia Mama. Nimeanza na langu. Shoka, kutwa nzima. Limelala upande wa shamba kwa adabu. Mama kaniletea uji, kaniita baba. Hajaniita hivyo tangu msiba.

Alhamisi, 12 Juni
La Salima nalo chini. La Yasini liko peke yake, nimeliegemezea boriti. Jioni Salima kaja kumchukua Mama akalale kwake. Nikasema anatutia aibu, Cletus atatucheka. Akajibu, "Kaka, aibu haijamvunja mtu mbavu." Wakaondoka.

Ijumaa, 13 Juni
Kusi kavuma alfajiri. Shina limeangukia chumba. Paa, ukuta, kitanda. Mto wa Mama nimeuchomoa chini ya tawi, umepasuka, sufi kila mahali. Nikakaa chini.

Mama kaja kabla ya swala. Hakuuliza habari ya chumba. Kaweka kiganja kwenye gogo, kakaa nalo. Kisha akaniuliza nilianza kukata lipi. Nikasema langu.

"Nani kakutuma ujikate, mwanangu?"

Akalia. Nilikuwa na mzaha mdomoni. Nikaumeza.

Jumapili, 29 Juni
Chumba kina paa tena. Cletus kaleta mbao mwenyewe, sikumwomba. Kapigilia siku mbili, hakunisema hata kidogo. Hilo limeniuma kuliko kusemwa.

Leo jirani yetu Romana kalalamika mzambarau wake una mashina mawili, moja limeelemea jiko. Nikamwambia ana bahati, anaishi karibu na mtaalamu. Cletus wa nini? Kosa la safari ile nimeshalijua: boriti ilikuwa moja. Safari hii naweka mbili, naanza na shina lililo wima.

Mama alikuwa anasikia. Kajifunga kanga kiunoni, kavuka kwenda kwa Romana, kaanza kutoa masufuria nje.