Ombi la Kuchanjwa kwa Watoto Wangu Arobaini Nisiowazaa

Kwa Mganga Mkuu wa Kituo cha Afya,

Shikamoo Daktari. Natumaini hujambo na kazi zinakwenda. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, wa kike, wa miezi tisa. Naomba uishike vizuri hiyo idadi, maana kituo chako kinasema ninao arobaini na mmoja.

Kisa chenyewe ni hiki. Mume wangu ndiye aliyewajengea tovuti ya kuandikisha watoto wa chanjo. Aliijenga hapa nyumbani, kwenye kompyuta yake, juu ya meza ya chakula, ambako hakuna aliyeiona ila sisi. Ili ajue kama maandishi yanakaa, akabuni watoto arobaini, akawaita Jaribio la Kwanza hadi Jaribio la Arobaini, na penye simu ya mama akaweka namba yangu, eti ndiyo pekee anayoikumbuka bila kutazama. Nilidhani ni mapenzi. Siku ya kuihamishia kwenye kompyuta kubwa, ile inayofikiwa na watu wote, alitakiwa abebe tovuti tupu, orodha ya watoto ianze upya. Yeye akabeba vyote, kama mtu anayehama nyumba na takataka za ndooni.

Malalamiko yangu:

1. Kila asubuhi napokea jumbe arobaini za kunikumbusha kliniki. Simu ikilia mwanangu anaamka, na akishaamka, ndugu zake hao arobaini hakuna hata mmoja anayenisaidia kumbembeleza.

2. Mnamdai Jaribio la Saba, mwenye kilo mia tisa. Mume wangu alitaka tu kuona kama tovuti itaukataa uzito huo. Haikuukataa. Mmeniandikia nimlete kwa ushauri wa lishe, nikiwa nimembeba mgongoni. Yuko pia Jaribio la Kumi na Mbili, ambaye atazaliwa mwakani. Huyo nimeshakaripiwa kwa kumchelewesha.

3. Muuguzi wenu wa mtaani alikuja kunishauri uzazi wa mpango. Aliketi kwenye kochi, akahesabu vikombe vyetu sita, akaniuliza kwa huruma kama watoto wanakunywa kwa zamu. Mama mkwe, aliyekuwa akikunja nepi, akadakia kwamba arobaini si wengi, yeye alitarajia zaidi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Ijumaa mwanangu, niliyemwandikisha kwa namba hiyo hiyo ya simu, anatakiwa achomwe sindano ya surua. Nilipokwenda kuuliza, karani wa mapokezi alitazama kompyuta, akaniambia, "Mama, huyu ni wa arobaini na moja. Lete wakubwa zake kwanza." Nikamwambia hawapo. Akasema, "Watakuwa wanacheza. Waite tu."

Daktari, mimi si mtu wa ugomvi, na nimechoka. Kubishana na kompyuta ni kumpigia mbuzi gitaa. Kwa hiyo nimeamua kuwakubali. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Nami nasema, hata meza.

Naomba basi wachanjwe wote arobaini, kwa maandishi, kabla ya Alhamisi, ili foleni imfikie mwanangu. Sindano zao mzirudishe kabatini. Jaribio la Saba apimiwe dawa kulingana na kilo zake, asije akapunjwa. Jaribio la Kumi na Mbili aachwe azaliwe kwanza. Mimi ni mama, sitakubali achomwe kabla hajafika. Na kama mnagawa vyandarua, nitachukua arobaini na kimoja. Nimeshaonewa huruma kwa wingi wao, nifaidike nao basi.

Wasalimie wauguzi, karani, na yule mlinzi aliyenishikia mtoto nilipokuwa nabishana dirishani. Mama mkwe anakusalimu. Watoto wote hawajambo.

Ni mimi mwenye shida,
Mama wa Arobaini na Mmoja

Nyongeza: Nikiwa nafunga bahasha, mume wangu amekuja mbio na habari njema: amewafuta. Nimemuuliza amewafutaje. Anasema ni kazi rahisi, ameiamuru kompyuta imfute kila mtoto mwenye namba yangu ya simu. Nimefungua tovuti sasa hivi, Daktari. Imeandika kwamba sina mtoto hata mmoja, na inanipa pole. Huyu niliyempakata ananitazama tu. Tafadhali nirudishieni wale arobaini. Nyuma yao, angalau, alikuwa na foleni.