Wifi, Picha Zako Zinaona Mno

Kwa Wifi Yangu Mpendwa, Mtengenezaji wa Tovuti,

YAH: PICHA ZILIZO WAZI KUPITA KIASI

Sisi hatujambo, cherehani zote tatu zinazunguka, na kaka yako anakula vizuri. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu huwa tunapandishiana sauti.

Kwanza nakiri: ulifanya kazi. Ulifika dukani saa tatu asubuhi, ukasubiri jua lihame kutoka mezani hadi ukutani. Ukapangusa kioo cha kamera, ukaisimamisha kwenye miguu yake mitatu, ukakataza watu kukohoa. Makoti ukayapiga pasi mara ya pili, na vijinyuzi ukavibandua kimoja kimoja kwa selotepu. Picha sitini na nne, ukachagua kumi na moja. Mimi niliomba picha za kuvuta wateja, wewe ukaniletea ushahidi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Juu ya mlango wangu pameandikwa, tangu nilipofungua duka kwa cherehani moja ya kuazima: "Mapigo kumi na mawili ya sindano kwa kila inchi." Miaka kumi na tisa hakuna aliyehesabu. Wewe ukayaweka maneno hayo kwenye tovuti, na chini yake picha ya bega la koti lenye futi kando, ati watu waone ukubwa. Wameona. Mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu anayemwoza binti yake, anataka makoti kumi na manne. Juzi kanipigia: "Mama Fundi, hapa naona tisa. Matatu yako wapi?" Alhamisi anakuja na rula yake, ndipo aamue. Hiyo ni kazi ya miezi miwili kwa watu wanne, wifi, na sasa inategemea rula.

2. Nilitangaza kwamba kitambaa ni sufu. Ni sufu. Lakini ukingo wa jora lililo nyuma, ambao kwa macho yangu ni kijistari cheupe tu, kwenye picha yako unasomeka: sufu asilimia thelathini na tano. Zile sitini na tano nyingine sikuzikana. Sikuulizwa.

3. Bwana mmoja alivaa koti lake la bluu wiki tatu kwa furaha. Alipoliona kwenye tovuti akagundua alama ya chaki chini ya kola, akalirudisha. Koti halikuwa likimwasha. Picha ndiyo imemwasha.

4. Kwenye kioo kikubwa, nyuma ya suti ya kijivu, anaonekana kaka yako amelala chini ya meza ya kukatia, mdomo wazi. Meno ya juu yanahesabika. Saa hiyo mimi nilijua yuko mjini anafuatilia vifungo. Mteja mmoja ameuliza kama naye anauzwa.

Basi nimepiga hesabu. Kwenye sherehe, watu humwona bwana harusi kwa umbali wa mita mbili. Anayesogeza pua hadi shibiri moja kutoka kwapani mwa bwana harusi ana sababu zake, na hazihusu ushonaji. Kwa hiyo naomba, kabla ya Alhamisi, kila picha uitie ukungu wa kadiri: makoti yaonekane kama kwa mita mbili; suruali mita tatu, maana hakuna anayeinama; jora mita kumi; na kaka yako mita arobaini. Tovuti nayo ichelewe kidogo kufunguka, mteja afike amechoka. Ikishindikana, ondoa picha zote uweke maelezo. Mimi naweza kulieleza koti vizuri kuliko lilivyo.

Msalimie shemeji, wasalimie watoto, na mwambie mama gauni lake liko tayari. Jirani yako yule anayefuga bata naye mpe salamu, ingawa hanijui.

Ni mimi wifi yako, mwenye duka na mwenye aibu,

Mama Fundi

Nyongeza: Usiguse picha hata moja! Nilikuwa bado natafuta bahasha, mzee akaingia, siku nzima kabla ya ahadi. Kaweka rula begani: tisa. Ikabidi niseme kweli, kwamba kitambaa hiki ukikichoma mara kumi na mbili kwa inchi kinachanika kama stempu, na kwamba ile kumi na mbili niliiandika nikiwa bado mgeni wa kazi. Akasema ametazama tovuti za mafundi watatu, na ni kwangu tu alikoweza kuhesabu. Kaagiza yote kumi na manne. Badilisha maandishi yawe tisa, na Jumamosi uje upige hata bitana za ndani. Alipoondoka nikafungua tovuti ya fundi wa barabara ya pili. Ukungu mtupu, hata kifungo hukioni. Mtu anayekuonyesha koti lake kwa mita mbili, wifi, ana analoficha. Mimi nisingempa hata leso apinde.